Mama wa Kambo Naye Asikilizwe: Ngonjera na Malezi Katika Sharika Zetu

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya wajumbe wa kamati za maendeleo za sharika na wageni kutoka dayosisi rafiki)



Tumeombwa tueleze kazi ambayo katika taarifa ya robo mwaka huonekana kwa mstari mmoja tu: "vikundi vya ngonjera na malezi". Baadhi yenu mmeuliza, na mna haki ya kuuliza, ngonjera na maendeleo wapi na wapi. Kisima kikikamilika watu wanachota maji. Mradi wa ng'ombe ukifanikiwa maziwa yanaonekana kwenye kibuyu. Je, ngonjera ikishaghaniwa na watu wakapiga makofi, kinabaki nini?

Jibu letu kwa kifupi ni hili. Katika ngonjera hizi tumesikia habari za nyumba zetu ambazo fomu za kutembelea familia hazikuwahi kutuletea. Tumemsikia mama wa kambo akieleza mwenyewe maisha yake, na mtoto anayemlea akimjibu, wote wawili mbele ya watu na bila kuvunjiana heshima. Tunaamini kamati inayotaka kuwalinda watoto haiwezi kufanya kazi hiyo vizuri kama haijawasikiliza wote wawili.

LUGHA YETU IMEKWISHA KUHUKUMU

Tuanze na lugha tunayoizungumza kila siku. Wilaya ikikosa barabara, wananchi wake hulalamika kwamba wanatendewa kama watoto wa kambo. Idara ikipewa bajeti ndogo, maneno ni hayo hayo. Hakuna anayeeleza maana, kwa sababu kila Mswahili anaelewa: mtoto wa kambo ni yule anayenyimwa, na anayemnyima ni mama wa kambo. Kesi imekwisha kabla mshtakiwa hajaitwa.

Hadithi za jioni nazo ni hivyo hivyo. Mama wa kambo ndiye anayemtuma mtoto kuteka maji usiku, ndiye anayempa ukoko wa sufuria huku watoto wake wakila minofu. Na jambo hili si la Waafrika peke yetu. Wageni wetu kutoka Ujerumani wanazifahamu hadithi zilizokusanywa na ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm. Katika toleo la kwanza la mwaka 1812, mwanamke anayetaka Hansel na Gretel waachwe msituni ni mama yao mzazi. Katika toleo la mwaka 1840 amekwisha kugeuzwa kuwa mama wa kambo. Hali kadhalika malkia mwenye wivu katika hadithi ya Schneewittchen alikuwa mama mzazi mwaka 1812, akawa mama wa kambo katika toleo la 1819. Ubaya ulipoonekana haumfai mama mzazi, ulihamishiwa kwa yule ambaye hakuna wa kumtetea.

Hatusemi kwamba akina mama wa kambo wakatili hawapo. Wapo, na tutarudi kwao. Tunachosema ni kwamba hadithi hizi zote husimuliwa na mtoto au na jirani. Mama wa kambo mwenyewe huwa hasimulii.

WANAWAKE TUNAOWAZUNGUMZIA

Mkoa wetu wa Kagera una sababu ya pekee ya kulitafakari suala hili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika hapa mwaka 1983. Katika miaka ya 1980 na 1990 tulizika akina mama na akina baba wengi wakiwa bado vijana. Sharika zetu zilijifunza kuhesabu yatima, kuwanunulia sare na madaftari, na wafadhili walisimama nasi katika kazi hiyo. Lakini yatima wengi hawakubaki peke yao. Baba aliyefiwa na mke alioa tena, na mwanamke aliyeingia katika nyumba ile ndiye aliyeamka usiku mtoto alipopata homa. Katika orodha zetu mtoto aliandikwa "yatima wa mama", na yule mwanamke hakuandikwa popote.

Leo dawa za kufubaza virusi zimewaokoa wazazi wengi, lakini nyumba za namna hii bado zipo, na zimeongezeka za namna nyingine. Kwa hiyo tunaposema mama wa kambo tunazungumzia wanawake wa aina tatu. Wa kwanza ameingia mahali pa marehemu. Wa pili ameingia baada ya mke wa kwanza kuachika, na mama wa watoto yu hai, labda kijiji cha pili tu. Wa tatu yumo ndani ya ndoa yake siku zote, kisha jioni moja mume analeta mtoto aliyezaliwa nje na kusema, "Huyu naye ni wetu." Mizigo yao haifanani, ingawa jina wanaloitwa ni moja.

KWA NINI NGONJERA?

Mwanzoni tulitaka kufanya semina, kama ilivyo kawaida. Lakini katika semina mama wa kambo hujibu kile anachodhani kamati inataka kusikia. Ukimuuliza kama watoto hawajambo, atasema hawajambo. Hata wewe ungejibu hivyo, ukijua kwamba aliyekaa kando yako ni wifi yako.

Ushairi ni mlango mwingine. Watu wetu wa Buhaya wanajua ebyebugo, yale majigambo ya mashujaa mbele ya Mukama, na wanajua masimulizi marefu yanayoimbwa kwa enanga. Katika pwani, Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha mnamo mwaka 1858, kwa hiyo mama kusema ya nyumbani kwa vina na mizani si jambo jipya. Na ngonjera wote tuliosoma shule za msingi tunaijua. Mathias Mnyampala, malenga wa Dodoma aliyefariki mwaka 1969, ndiye aliyeipa nguvu kubwa. Vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971, na kwa miaka mingi hakukuwa na sherehe ya kitaifa shuleni bila watoto kupanga mistari miwili na kujibizana.

Faida ya ngonjera ni hiyo hiyo ya kujibizana. Shairi la mtu mmoja linaweza kuwa malalamiko tu. Katika ngonjera ni lazima umpe mpinzani wako ubeti wake, tena ubeti mzuri, la sivyo mchezo hauna ladha.

JINSI VIKUNDI VINAVYOFANYA KAZI

Kikundi kinakuwa na akina mama kati ya wanane na kumi na wawili, na kinakutana mara sita kabla ya kughani mbele ya watu. Anayejua kuandika humwandikia asiyejua. Vifaa ni daftari, kalamu, chai na nauli ya mwezeshaji. Tunazo kanuni nne ambazo tunazisimamia bila kulegeza.

Kanuni ya kwanza: hakuna jina la mtu halisi, wala la kijiji, katika ubeti wowote. Ya pili: hakuna anayeghani ubeti alioutunga mwenyewe. Beti zinachanganywa, kila mmoja anajifunza kwa moyo ubeti wa mwenzake, na watazamaji hawawezi kujua lipi limetoka kwa nani. Ya tatu: kijana anayesimama upande wa mtoto haghani habari za nyumba yao, na anashiriki kwa hiari yake na kwa idhini ya mlezi. Ya nne: likisikika jambo linaloonyesha mtoto anadhuriwa, haliingizwi kwenye ubeti, linapelekwa panapohusika siku hiyo hiyo.

Kanuni ya pili ndiyo iliyofungua midomo. Mama mmoja alisema kwamba alipomsikia mwenzake akighani maneno yake, ndipo alipogundua kwamba yalikuwa maneno ya kuumiza. Alipoyasema mwenyewe jikoni kila siku alikuwa hayasikii.

TULIYOYASIKIA

Jambo la kwanza lililojitokeza ni chakula. Karibu kila mtunzi aliandika kuhusu kugawa. Mama mzazi akigawa nyama hakuna anayehesabu vipande. Mama wa kambo akigawa, bibi wa watoto anahesabu, jirani aliyepitia kuomba moto anahesabu, na watoto wenyewe wanahesabu. Mmoja alitunga kwamba yeye hupakua mbele ya mahakama kila jioni, na hukumu husomwa kisimani asubuhi.

Jambo la pili ni adhabu. Akimkemea mtoto wa mwenzake, amemtesa. Akimwacha, amemharibu kwa makusudi ili wa kwake ang'are.

Jambo la tatu ni jina. Kumbe ugomvi mwingi unaanzia hapo. Aitwe nani? Wapo watoto wanaosema "mama mdogo", wapo wanaosema "anti", wapo wanaomwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, na wapo wanaokaa naye miaka mitano bila kumwita kitu chochote. Mtoto anasimama mlangoni mpaka ageuke, ndipo aseme shida yake. Vikundi viwili vilitunga juu ya jambo hili, na tunawasomea beti mbili kwa ruhusa ya watunzi. Anaanza mama:

Nilipoingia kwenu, nilivikuta vikombe,
Cha juu cha mama yenu, kimewekwa kwenye pembe,
Sikukigusa, ni chenu, nikaenda shika jembe,
Je, ninalo jina kwenu, au jina niliombe?

Naye mtoto anajibu:

Sikunyamaza kwa chuki, inanipotea sura,
Ya mama, na sikumbuki, kicheko wala hasira,
Jina lake haling'oki, ndilo pekee imara,
Subiri, mama hazuki, kwa kelele na papara.

Wajumbe wenzetu, ubeti huu wa pili ulitungwa na mama wa kambo. Ilimbidi akae upande wa mtoto na kutafuta kwa nini haitwi "mama". Alikuwa ameishi na jambo hilo akidhani ni kiburi. Alipolazimika kulitafutia vina, akaona kwamba mtoto anaogopa kusahau. Hakuna semina yetu iliyowahi kumfikisha mtu hapo kwa mchana mmoja.

Jambo la nne ni baba. Katika beti zote za mikutano ya mwanzo baba hakuwemo. Mwezeshaji alipouliza yuko wapi, akina mama walicheka, wakasema, "Hata nyumbani hayumo." Basi kikundi kikaweka kiti katikati ya jukwaa, mwinjilisti akakaa akisoma gazeti tangu mwanzo hadi mwisho, huku mama upande huu na mtoto upande ule wakirushiana beti juu ya kichwa chake. Watu walicheka sana. Kisha kicheko kikaisha chenyewe. Baada ya onyesho mzee mmoja alisimama, akasema, "Waitu, lile gazeti hata mimi nimelisoma miaka mingi." Tangu siku hiyo kila kikundi kinaweka kiti.

MWISHO WA NGONJERA

Kwa desturi ngonjera huisha kwa mapatano. Aliyekuwa hajui anaelimishwa, anakubali, wote wanaungana katika ubeti wa mwisho. Kikundi kimoja kilifuata desturi hiyo: mtoto anapiga magoti, anasema "mama", wanakumbatiana. Msichana wa miaka kumi na mitano aliyepewa sehemu ya mtoto alikataa kuughani ubeti huo. Alisema ataughani kama ni lazima, lakini kila mtoto atakayekuwa kanisani atajua ni uongo.

Yalikuwapo mabishano makali. Mwalimu mmoja mstaafu alisema ngonjera isiyo na mapatano si ngonjera. Akina mama wengine waliona ni aibu kumaliza mbele ya Mchungaji na watu hawajapatana. Mwishowe mama mmoja mkongwe, aliyekwisha kulea watoto wa mwenzake mpaka wakaoa, aliwauliza, "Ninyi mlipatana kwa siku ngapi?" Hakuna aliyemjibu. Ubeti wa mapatano ukaondolewa, ukabaki ule wa kuomba subira.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu linatuhusu sisi watu wa miradi. Sisi nasi tunapenda mapatano. Tunapenda taarifa inayoisha kwa mafanikio, na picha ya mama na mtoto wakitabasamu kwenye jalada. Familia ya namna hii huchukua miaka, na mara nyingine haifiki. Taarifa inayosema kweli ni ile inayoruhusu kusema, "Bado wanasubiriana."

NYUMA YA UBETI KUNA KIBANJA

Sasa tuingie katika jambo ambalo wafadhili na kamati mnapaswa kulitazama kwa makini. Beti nyingi zilikuwa na hofu moja iliyojificha: "Akifa huyu mzee, mimi nitakwenda wapi?"

Hofu hii ina msingi. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa na Serikali kwa Tangazo Na. 436 la mwaka 1963 ziliweka kwamba mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo, na kwamba haki yake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Litafakarini hilo kwa nafasi ya mama wa kambo. Uzee wake umewekwa mikononi mwa watoto ambao hakuwazaa. Kama wamemkubali, ana kwake. Kama hawajamkubali, kibanja alichokipalilia na kukitilia mbolea miaka ishirini, migomba, kahawa na maharage, ni cha wenyewe, na yeye anarudi kwao na mkeka. Basi anapohangaika aitwe mama, asidhaniwe anatafuta sifa. Anatafuta pa kulala akizeeka.

Na hofu hiyo humfanya mwingine kuwapendelea watoto wake wa kuzaa, kwa sababu wao ndio bima yake. Watoto wa kambo wanaliona, wanakasirika, wanazidi kumkataa, naye anazidi kuogopa. Huo mduara ndio tunaouita "roho mbaya ya mama wa kambo". Mara nyingi chanzo chake ni kukosa usalama.

Yapo yaliyobadilika. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, katika shauri lililotoka mkoa huu huu wa Kagera, iliamua kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo anaweza kuiuza kama mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilitambua haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliitaka Tanzania irekebishe sheria za kimila zinazowanyima wajane urithi. Lakini sheria ya mjini huchelewa kufika shambani. Kilicho karibu zaidi ni wosia wa maandishi, na RITA, wakala wa usajili, ufilisi na udhamini, hupokea wosia na kuutunza. Baada ya maonyesho katika sharika mbili, wapo akina baba waliokuja ofisini kuuliza jinsi ya kuandika wosia. Hawakuletwa na semina ya sheria. Tuliifanya kabla na wengi wao hawakuhudhuria. Waliletwa na kile kiti na gazeti.

Mama wa kambo naye ajue upande wake wa sheria. Kuolewa na baba hakumfanyi kuwa mzazi wa mtoto kisheria. Kuasili kunahitaji amri ya mahakama. Hata hivyo wajibu wa kumtunza mtoto aliye mikononi mwake unamhusu, na hauondolewi na maumivu yake.

TAHADHARI

Hapa tunarudi kwa wale wakatili, kama tulivyoahidi. Ngonjera isigeuzwe sabuni ya kumwoshea anayetesa mtoto. Mtoto anayechomwa mikono, anayenyimwa chakula, anayeachishwa shule ili abebe ndizi sokoni, hahitaji ubeti, anahitaji kuokolewa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa kuzifikisha kwa serikali ya mtaa. Afisa ustawi wa jamii yupo, Dawati la Jinsia na Watoto lipo katika vituo vya polisi, na namba ya simu 116 inapokea taarifa za watoto bila malipo. Mjumbe wa kamati anayejua na kunyamaza kwa kuogopa kuvunja nyumba ya watu, nyumba hiyo imekwisha kuvunjika ndani yake.

CHANGAMOTO

Tunazo changamoto kadhaa. Kwanza, baadhi ya wazee wanaona tunaanika siri za nyumba. Tunawajibu kwamba siri hizi zinaanikwa kisimani kila siku, ila bila adabu. Pili, akina baba ni wachache kwenye maonyesho, na wengi huja pale tu onyesho linapofuata ibada. Tatu, mama wa watoto aliyeachika bado hana ubeti. Yeye naye ana sauti, na mara nyingine ndiye anayemfundisha mtoto kukataa. Bado vikundi vinatafuta namna ya kumleta jukwaani bila kumshtaki. Nne, makofi ni matamu. Kikundi kikishasifiwa kinataka kughani kila mwaliko, na kazi ya kutembelea familia inaachwa nyuma.

MAPENDEKEZO

Kwa kamati za sharika tunapendekeza yafuatayo:

1. Katika fomu ya kutembelea familia, baada ya jina la mtoto, liandikwe jina la anayemlea na uhusiano wao. Aulizwe yeye peke yake, pasipo mume wala wifi, na mtoto aulizwe peke yake.

2. Msaada wa sare na madaftari usimpite mlezi. Ukimpa mtoto mmoja viatu mbele ya watatu wasio na viatu katika nyumba moja, umemwachia mama wa kambo kesi ya kuamua usiku huo.

3. Mwanamume anayekuja kufunga ndoa akiwa na watoto, mafundisho ya ndoa yawaguse watoto hao: watamwita mama mpya nani, picha ya marehemu itakaa wapi, kibanja kitagawanywaje. Maswali hayo yaulizwe kabla ya pete.

4. Kila onyesho lifuatwe na ziara za nyumbani ndani ya mwezi mmoja. Pasipo ziara, onyesho lisifanyike.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi moja. Msitupime kwa idadi ya maonyesho wala ya watazamaji. Hizo ni rahisi kuhesabu na hazisemi mengi. Gharama kubwa ya kazi hii ni muda wa mwezeshaji anayerudi katika nyumba ile ile mara ya tatu na ya nne, wakati hakuna jipya la kupiga picha. Ni bajeti ndogo, lakini ndiyo inayokatwa kwanza.

HITIMISHO

Ndugu wajumbe, mnaporudi katika sharika zenu, kila mmoja wenu anamjua mwanamke tuliyemzungumzia. Pengine ni jirani, pengine ni dada yako, pengine amekaa kiti cha nyuma yako sasa hivi. Mtoto anayemlea pia mnamjua. Hatuwaombi mmpende yule mwanamke zaidi ya mtoto. Tunawaombeni msikilize beti zote mbili kabla ya kutoa hukumu, na mkimwona baba na gazeti lake, mwombeni kwa upole aliweke chini.